Lami au zege? Namna ya kusoma na kuhoji hesabu ya barabara kwa sheria ya Michigan

Barabara iliyoshinda kwa bei ndogo siku ya kufungua zabuni inaweza kuwa ndiyo iliyokula fedha nyingi kuliko zote ukifika mwaka wa ishirini. Jimbo la Michigan, Marekani, liliitungia hoja hiyo sheria mwaka 1997. Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu ni kukadiria gharama za barabara hapa Lansing, na sheria hiyo inaongoza sehemu kubwa ya ninachofanya kutwa. Naiamini, na nataka watu wengi zaidi wajue kuitumia: Waswahili tulio huku, tunaolipa kodi ya mafuta kila tukijaza tangi, na wahandisi, madiwani na wanafunzi wa nyumbani wanaoniuliza hesabu hii inafanywaje. Huhitaji shahada ya uhandisi. Unahitaji kalkuleta ya simu, karatasi, na moyo wa kuuliza tena pale unapojibiwa kwa mkato.

Anza na sheria yenyewe

Fungua tovuti ya Bunge la Michigan, legislature.mi.gov, uandike 247.651h kwenye sehemu ya kutafutia sheria. Kifungu hicho kiliingizwa na Sheria Namba 79 ya mwaka 1997 ndani ya Sheria Namba 51 ya mwaka 1951, ile inayogawa fedha za barabara Michigan mpaka leo. Ni kifupi, utakimaliza kabla chai haijapoa. Mwaka huohuo Bunge lilipandisha kodi ya petroli kutoka senti 15 hadi senti 19 kwa galoni. Kwangu mimi mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: ukichukua senti 4 zaidi mfukoni mwa mtu, muoneshe unavyozitumia.

Kifungu kinaiagiza idara ya usafirishaji ya jimbo, MDOT, kufanya hesabu ya gharama za maisha yote ya barabara kwa kila mradi ambao gharama ya tabaka zake inazidi kiwango fulani. Sheria ilipopita, kiwango kilikuwa dola milioni 1. Soma kilichoandikwa kwenye tovuti siku unayofungua, kwa sababu viwango vya fedha hurekebishwa. Kisha kinasema kazi isanifiwe na itolewe kwa nyenzo yenye gharama ndogo zaidi katika maisha yake yote: gharama ya kujenga, pamoja na matengenezo, ukarabati na kuweka tabaka jipya huko mbele. Hakisemi lami, hakisemi zege.

Halafu linakuja lile ninalolipenda kuliko yote. Ratiba na gharama za matengenezo zitoke kwenye kumbukumbu halisi za barabara za Michigan. Kwa hiyo mtu wa zege akija na kijitabu kinachosema zege lake hukaa nusu karne bila kuguswa, sheria inamuuliza: limekaa wapi? Hapa, chini ya malori haya na kwenye baridi hii? Mtu wa lami akisema lami yake haihitaji kukwanguliwa kabla ya miaka 20, naye anaulizwa vilevile.

Swali hilo ni zito kwa sababu Michigan ni kali kwa barabara. Maji yakiingia kwenye ufa na kuganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, yanasukuma, yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi, na usiku ukifika yanaganda tena. Ukifika mwezi Machi mashimo yanafumuka kila mahali. Juu ya hayo kuna chumvi ya kuyeyushia barafu, na kuna malori ya ekseli 11 yanayoruhusiwa kufikia pauni 164,000, yaani tani kama 74. Kumbukumbu za jimbo la joto kama Arizona hazitakusaidia hapa.

Hakikisha barabara yako inahusika

Sheria inazungumzia miradi ya MDOT, na MDOT ina barabara kuu za jimbo: zile zenye herufi I, US au M mbele ya namba, kama I-94, US-131 au M-1. Barabara ya mbele ya nyumba yako kwa kawaida ni ya mji au ya tume ya barabara ya kaunti, na nitaifikia mwishoni.

Kwenye harusi moja Grand Rapids, mzee wa Kikongo anayeendesha lori alinikalia karibu, akaniuliza: "Mama, juu ya nini barabara moja iko na zege huku, lami kule? Wanabahatisha?" Nikamwambia, hapana Baba. Kila kipande ni mradi wake, na kila mradi umehesabiwa peke yake, kwa bei za mwaka wake, udongo wake na idadi ya malori yake. Kipande kilichojengwa mwaka lami ilipokuwa ghali kinaweza kuwa zege, na kinachofuata kikawa lami. Alitaka kujua kama hesabu hizo mtu wa kawaida anaweza kuziona. Anaweza.

Omba hesabu

Michigan ina sheria ya uhuru wa kupata taarifa, Namba 442 ya mwaka 1976. Mtu yeyote anaweza kuomba, isipokuwa aliye kifungoni. Huulizwi uraia wala sababu. Ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 5 za kazi, na inaweza kujiongezea mpaka siku 10 nyingine za kazi kwa kukuandikia. Inaweza pia kukutoza gharama za kutafuta na kunakili, kwa hiyo omba nakala ya kielektroniki na uombe kitu mahususi.

Barua yako iwe na jina la barabara, mradi unaanzia njia panda gani na kuishia ipi, na mwaka wa ujenzi. Kisha taja unachotaka: hesabu ya gharama za maisha yote ya barabara, michoro ya tabaka za kila chaguo, bei zilizotumika kwa kila kipimo cha kazi, ratiba ya matengenezo iliyotumika, na makadirio ya gharama za watumiaji barabara. Ukiandika tu "nataka nyaraka zote za US-131" utangoja sana na utalipa sana.

Angalia kama vinavyolinganishwa vinalingana

Sheria inadai miundo inayolinganishwa iwe sawa kwa uwezo. Hapa ndipo mtu anapoweza kupendelea upande mmoja bila hata kugusa namba za fedha. Ukisanifu lami kwa malori 3,000 kwa siku na zege kwa malori 5,000, zege litakuwa nene na ghali, na lami itashinda kwa dhuluma. Kwa hiyo kabla ya kuangalia dola hata moja, angalia idadi ya malori, aina ya udongo na mifereji ya maji, kwa pande zote mbili. Zikitofautiana, andika swali lako la kwanza hapo.

Angalia pia chini kuna nini, hasa kama mradi ni wa kuweka tabaka jipya juu ya barabara ya zamani. Sisi huchimba sampuli kwa mashine, kipande cha duara kinachotoka kizima na tabaka zake zote. Ukikishika mkononi unasoma historia ya barabara. Juu kuna inchi moja na nusu ya lami mpya, nyeusi tii, kokoto zimeshikana. Chini yake kuna lami ya kale, imekuwa ya kijivu. Kisha unageuza kipande, unakwangua kwa ukucha upande wa chini kabisa, na kokoto zinadondoka moja moja, safi, kama zimeoshwa kwa sabuni. Maji yamekuwa yakikaa pale miaka mingi na yamevua lami yote kwenye mawe. Ukiweka tabaka jipya juu ya barabara ya namna hiyo, halitadumu miaka iliyoandikwa kwenye ratiba. Uliza kama sampuli zilichimbwa, ngapi, na zilionesha nini.

Zege nalo lina siri zake. Kokoto zinazonyonya maji hupasuka zikiganda, na nyufa huanzia kwenye kona za maungio, pale vipande vya zege vinapokutana, ndogondogo na nyingi, zikijipanga sambamba na ungio. Michigan imeona hayo sana. Kwa hiyo kokoto zinatoka machimbo gani ni swali la gharama sawa na bei ya saruji.

Chora mstari wa miaka

Sasa shika karatasi. Chora mstari, andika 0 mwanzoni na 40 mwishoni. Juu ya mstari weka kazi za lami, chini weka kazi za zege, kila moja kwenye mwaka wake. Namba ninazotumia hapa ni za kujifunzia, nimezitunga kwa maili moja ya barabara ya kufikirika, ila mtiririko wake ndio utakaoukuta.

Lami: mwaka 0 kujenga, dola 1,800,000. Mwaka 6 kuziba nyufa, 30,000. Mwaka 12 kukwangua na kuweka tabaka jipya, 300,000. Mwaka 18 kuziba nyufa tena, 30,000. Mwaka 24 kukwangua kwa kina na kuweka tabaka jipya, 400,000. Mwaka 32 tabaka jipya, 300,000.

Zege: mwaka 0 kujenga, dola 2,150,000. Mwaka 12 kuziba maungio upya na viraka, 60,000. Mwaka 22 ukarabati na kusaga uso, 220,000. Mwaka 32 viraka, 90,000.

Usijumlishe hivyohivyo. Dola utakayoitumia miaka 24 ijayo haina uzito sawa na dola unayoitoa leo, kwa sababu ya leo ungeweza kuifanyia kazi nyingine katikati. Ndiyo maana kila gharama ya mbele inarudishwa kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha punguzo. Marekani, ofisi ya bajeti ya serikali kuu hutangaza viwango hivi kupitia waraka unaoitwa A-94. Tumia bei za leo kwa kazi zote na kiwango ambacho mfumuko wa bei umeshatolewa. Tuchukue asilimia 3: unagawa gharama ya mwaka 12 kwa 1.03 iliyozidishwa yenyewe mara 12. Kwenye simu ni 1.03, alama ya kipeo, 12. Unapata 1.426. Dola 300,000 gawa kwa hiyo, unabaki na kama 210,400.

Ukifanya hivyo kwa kila kazi na kujumlisha, lami inafika dola 2,366,400 na zege 2,341,800. Zege lililokuwa ghali kwa dola 350,000 siku ya kwanza limeshinda kwa dola 24,600. MDOT huzigeuza jumla hizo kuwa gharama sawa ya kila mwaka. Kwa mfano wetu ni kama dola 102,400 kwa mwaka kwa lami na 101,300 kwa zege. Ukiona namba ndogo namna hiyo kwenye nyaraka usishangae, ni jumla ileile iliyosambazwa kwenye miaka.

Jambo moja zaidi kwenye mstari huo: mwaka 40 ukifika, barabara ipi bado ina uhai? Kama tabaka la lami la mwaka 32 lilikuwa la kukaa miaka 12, bado lina miaka 4 ndani yake, na thamani hiyo inafaa ihesabiwe. Tazama kama wameihesabu kwa pande zote mbili.

Gusa namba tatu

Hapa ndipo napoomba uvumilivu wako, maana sehemu hii ndiyo inayoamua.

Ya kwanza ni kiwango cha punguzo. Rudia hesabu ileile kwa asilimia 5 badala ya 3. Lami inakuwa dola 2,188,900 na zege 2,277,500. Mshindi amebadilika, na lami sasa inaongoza kwa dola 88,600, bila kokoto hata moja kubadilika. Kiwango kikubwa hupunguza uzito wa matengenezo ya mbele, na hivyo huipendelea nyenzo ya bei ndogo mwanzoni. Kwa hiyo uliza: kiwango kipi, kimetoka wapi, ni cha mwaka gani? Na dai hesabu ioneshwe kwa viwango viwili au vitatu.

Ya pili ni miaka ya matengenezo. Rudi kwenye asilimia 3. Sogeza kazi mbili tu za lami: ile ya mwaka 12 iwe ya mwaka 15, ile ya mwaka 24 iwe ya mwaka 28. Lami inashuka mpaka dola 2,326,600 na kushinda kwa dola 15,200. Miaka mitatu hapa, minne pale, na mkataba wa mamilioni umebadilisha mikono. Sasa unaona kwa nini Bunge halikuacha miaka hiyo iwe maoni ya mtu. Uliza ratiba imetokana na barabara zipi, za umri gani, zinazobeba malori mangapi. Uliza pia kama barabara hizo zilitengenezwa barabara ilipohitaji au fedha zilipopatikana, kwa kuwa daftari linaandika tarehe ya kazi tu, halisemi barabara ilisubiri muda gani. Swali hilo la mwisho nalirudia kazini mara nyingi kuliko lingine lolote.

Ya tatu ni wewe uliyekaa kwenye foleni. Sheria inataka gharama za watumiaji barabara zihesabiwe kwa maisha yote ya barabara, na MDOT hutumia programu iitwayo CO3 kwa kazi hiyo. Wazo lake ni jepesi. Magari 20,000 kwa siku, kila moja likichelewa dakika 6 njia inapofungwa kwa matengenezo, ni saa 2,000 za watu. Ukizipa saa hizo dola 20 kila moja, siku moja ya kufunga njia ni dola 40,000. Hata ukiirudisha siku hiyo kutoka mwaka 12 kwa asilimia 3, ni dola 28,000, na tofauti yetu yote ilikuwa 24,600. Siku moja tu ya foleni inaweza kugeuza matokeo. Kwa hiyo tazama wameandika siku ngapi za kufunga njia kwa kila kazi, na kama wanafanya usiku au mchana.

Ukikuta tofauti ya jumla iko chini ya asilimia 2 au 3, elewa kwamba nyenzo hizo mbili zimekaribiana mno kiasi kwamba hesabu peke yake haitoshi kumtukuza mshindi. Sheria bado inadai ndogo ichukuliwe, na kifungu kinachofuata kinaruhusu miradi michache ya majaribio. Missouri wamekwenda njia nyingine: hutangaza zabuni ya lami na ya zege kwa pamoja, wakandarasi wa pande zote wakapambana, na bei hurekebishwa kwa tofauti ya gharama za baadaye. Mimi naupenda ushindani huo, ingawa nao unasimama juu ya ratiba ileile ya matengenezo.

Serikali kuu ya Marekani nayo ilijaribu kulazimisha. Mwaka 1995 iliyataka majimbo yafanye hesabu hii kwa miradi ya dola milioni 25 na zaidi kwenye mtandao wa barabara kuu za taifa. Mwaka 1998 ikaliondoa sharti hilo. Kwa hiyo jimbo lisilo na sheria yake linabaki na mwongozo na hiari.

Uliza kabla hesabu haijafungwa

Rasimu ya hesabu ya MDOT hupelekwa kwa vyama vya sekta, cha lami na cha zege, watoe maoni kabla ya uamuzi. Hao wana wahandisi wao na hawalali. Mwananchi hana chama, ila ana mpango wa miaka mitano wa usafirishaji ambao MDOT huutoa kila mwaka na kupokea maoni ya umma. Tafuta barabara yako humo, uandike mapema, na uweke maswali machache yanayojibika kwa namba: kiwango cha punguzo, ratiba imetoka wapi, siku za kufunga njia. Maswali ya hivyo hujibiwa. Malalamiko ya jumla kuhusu mashimo huishia kwenye shukrani.

Barabara zisizoguswa na sheria hii, na barabara za nyumbani

Barabara ya kaunti au ya mtaa haimo kwenye kifungu hiki, lakini hesabu ni ileile na karatasi ni ileile. Michigan ina baraza la usimamizi wa mali za usafirishaji, lililoundwa mwaka 2002, linalokusanya alama za hali ya barabara kwa mfumo wa PASER, kuanzia 1 mpaka 10. Alama 8 hadi 10 ni nzuri, 5 hadi 7 ni ya wastani, 4 kushuka chini ni mbaya. Barabara yenye 6 inaweza kuokolewa kwa kuziba nyufa na tabaka jembamba. Ikifika 3 unazungumzia ukarabati mkubwa, na ikifika 2 au 1, kujenga upya. Nenda kwenye kikao cha tume ya barabara ya kaunti na uulize barabara yako ilikuwa na alama gani miaka mitano iliyopita, ina alama gani sasa, na kipi kilifanyika katikati.

Nyumbani hatuko mbali na mjadala huu. Njia za mabasi yaendayo haraka kwenye Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ni zege, na Nairobi wana Mbagathi Way. Anayetaka kuhesabu kama zege hilo limelipa anahitaji kumbukumbu, na diwani, mwenyekiti wa mtaa au mwanafunzi wa uhandisi anaweza kuanza kuziweka leo kwenye daftari la kawaida. Mistari yake iwe hivi: jina la barabara na kipande chenyewe kutoka wapi hadi wapi, tarehe ya kujengwa na nyenzo, kila tarehe ya kazi iliyofanyika, aina ya kazi, urefu wake kwa mita, gharama, na fedha zimetoka mfuko gani, na kwenye kila msimu wa mvua, picha moja kutoka sehemu ileile, ukisimama upande uleule.